Mwalimu, Mrudishieni Nahla Kununa Kwake

Kwa Mwalimu Ngowa wa darasa la kompyuta, Kilifi.

Ndugu Mwalimu,

Salamu zangu zikukute mzima. Mimi ni mama yake Nahla, wa hapa Shella, Malindi. Shule sikwenda mbali, ukiona makosa nisitiri. Nina malalamiko, nayo nayaleta kwa heshima.

1. Nilikuletea mtoto asome kompyuta. Sasa nasikia mmemtia kwenye mradi wa programu huria, ile ambayo kila mtu duniani aweza kuifungua, kuitengeneza na kuitumia bure. Nikamuuliza Nahla, mwenye programu hiyo ni nani? Ati ni ya wote! Mwalimu, kitu cha wote, jioni hufungiwa mlango na nani? Na malipo hakuna.

2. Akanambia kompyuta peke yake haitoshi, mwawafundisha pia kuuliza vizuri, kusoma kwanza waliyoandika wenzao, kueleza kazi yao na kukubali kukosolewa. Kuuliza vizuri gani? Nilimkuta akimwandikia msimamizi wa mradi, kijana wa Kisumu aitwaye Ochola, bila hata salamu. Nikakaa ubavuni mwake, nikamwandikisha: hujambo, mama hajambo, watoto je, huko mvua imenyesha? Ikapelekwa. Ochola akajibu kwamba mama yake mzima, mvua ipo, watoto bado, ila swali ni lipi? Swali tulikuwa tumelisahau.

3. Ochola huyo huyo akairudisha kazi ya Nahla. Ati hapa hapaeleweki, pale rudia. Mwanangu akamwandikia asante. Akarudishiwa tena, asante tena. Lakini mimi nilimsikia bafuni akilia, mfereji ameufungulia nisisikie. Akatoka, uso ameuosha, akakaa kurekebisha. Mzazi ufanye nini hapo? Nilimpelekea chai, nikamtukana Ochola kimoyomoyo.

4. Maradhi yenyewe yameingia nyumbani. Wifi yangu Raiya alisema pilau yetu imezidi chumvi. Nahla akamjibu, "Asante shangazi kwa kutuambia, tupunguze kiasi gani?" Tangu niolewe hakuna aliyewahi kumshukuru Raiya kwa maneno yake. Sasa yuaja kila siku.

5. Mtoto huyu ataolewa. Mama mkwe atamkosoa, naye ataomba aongezwe! Nani atamtetea na mimi siko?

Kwa hivyo nakuomba umtoe kwenye mradi huo. Ikishindikana, basi mfundisheni kununa, hata kidogo, cha kujisitiri.

Nisalimie mkeo, watoto, bawabu wa langoni, na huyo Ochola pia, yeye na mama yake.

Ni mimi mlezi mwenzako,
Zuleikha, Mama Nahla

Nyongeza: Naandika nimesimama, kuna harusi mtaa wa pili na jikoni wametuita wanawake tukamenye vitunguu. Mwenye harusi simjui, malipo hayapo, wala sikuuliza. Harusi iliyopita wakubwa walisema vyangu nimevikata vinene, nikashukuru nikavikata upya. Nahla yuko mlangoni na kisu chake, ananitazama anacheka. Mwalimu, usimtoe kwanza. Ochola amesema kazi imebaki kidogo. Ikipokelewa, nipigie mimi simu, hata nikiwa jikoni.