Kufungiwa Chumba cha Cherehani Siku Nne Kabla ya Sherehe ya Mama

Chumba cha uani,
nyumba hii hii,
Jumatano, baada ya chai.

Kwa Dada Mkubwa, Fundi na Mshika Funguo.
Nakala: Shemeji. Nakala: Mama, asomewe.

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, maana imesafiri hatua kumi na moja tu na kupita chini ya mlango wako. Nasikia cherehani inalia, kwa hiyo najua upo ndani. Naandika kwa sababu tangu jana husemi nami, na mimi si mtu wa kulazimisha maneno.

Jumamosi Mama yetu anatimiza miaka themanini. Wewe ulijitwalia gauni lake, sawa, wewe ndiye fundi. Mimi nilipewa fulana kumi na mbili za ukoo, za kubandikwa MAMA YETU MIAKA 80 kwa ile plastiki nyekundu inayokatwa herufi, kisha ikashikizwa kwa pasi. Jana umeninyang'anya kazi, ukafunga chumba, ukatangaza mbele ya shemeji kuwa fulana zitapelekwa kwa jirani mwenye mashine. Jirani! Mama alimzaa jirani lini?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fulana ya kwanza. Unasema maneno yametoka kinyumenyume. Ni kweli wajuzi husema herufi zigeuzwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa plastiki hulazwa kifudifudi. Lakini tujiulize kama watu wazima: fulana ni ya nani? Ya mvaaji. Mvaaji anaisoma wapi? Kwenye kioo. Nimesimama mbele ya kioo cha kabati lako, inasomeka kama gazeti. Hizo unazotaka wewe ni za watu wanaokodolea vifua vya wenzao, tabia ambayo Mama hakutufundisha.

2. Shati la shemeji la nailoni. Sikuliunguza. Niliweka pasi juu yake kuonja joto, kama mpishi anavyoonja mchuzi, na lenyewe likaamua kuondoka na pasi. Dada, mimi nimepiga pasi hoteli kubwa miaka mitatu. Shemeji anasema miezi miwili, hakuwepo. Mashuka mia nne kabla ya saa mbili asubuhi. Mgeni mmoja alikata mkate kwa mkunjo wa suruali niliyomnyooshea, akaniuliza siagi iko wapi. Mtu wa namna yangu hawezi kufundishwa kazi na shati.

3. Mikono ya gauni la Mama, niliyokusaidia kukata ulipokwenda sokoni, bila hata kuniomba. Unalalamika kuwa yote miwili ni ya kushoto. Mama ana mashoto tangu kuzaliwa. Mkono wa kulia anaufanyia nini cha maana? Nilipomwonyesha alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Huyu aliacha shule kabla hawajafika mkono wa kulia." Wewe hukucheka. Ulipima upya kitambaa kilichobaki.

4. Sasa mkasi. Hapa ndipo penye kidonda. Ule mkasi wako wa kitambaa, uliofungwa uzi mwekundu kwenye pete, ambao ni mwiko kupitishia karatasi wala plastiki, eti utakuwa butu. Umesema mbele ya watu kuwa mimi ndiye niliyekatia herufi, na kwamba sasa unatafuna kitambaa kama kizee asiye na meno. Mama alikuwa palepale, akauliza kizee gani. Mkasi huo sijaugusa hata kwa ncha ya kidole. Herufi nilikata kwa wembe, na plasta niliyofunga kidoleni ndiyo shahidi wangu. Hata ulipouficha sijui. Ulipofunga mlango hukufungia mkasi, ulifungia jina la ndugu yako nje.

Kwa hayo naomba, kwa heshima na taadhima:

(a) Nipewe funguo kesho kabla ya saa nne.

(b) Mkasi ukae kwangu, kwa kuwa asiyeugusa ndiye anayefaa kuutunza.

(c) Fulana kumi na moja zilizobaki nazo ziandikwe kinyumenyume, ile ya kwanza isijione mpweke, na kila mgeni apewe kioo mlangoni.

(d) Wewe uanze mafunzo ya pasi kwangu Jumapili. Uje na shati lako.

Na hili halina namba. Jumamosi kila mtoto wa Mama atakuwa na kitu mkononi. Wewe una gauni. Mimi, ukiniondolea hizi fulana, nitakuja kama mgeni, nikae na jirani.

Nisalimie shemeji na shati lililosalia, wapwa zangu wote, na cherehani, haina kosa. Mama nimemsalimia mwenyewe; ndiye aliyeniazima kalamu.

Ni mimi nisiye na hatia,
Mdogo wako,
Mjomba wa wanao, Bingwa wa Pasi (mstaafu).

Nyongeza: Barua hii nimeiandika nyuma ya karatasi ya kahawia niliyoikuta kitandani kwa Mama. Ilikuwa kubwa mno kupita chini ya mlango, nikaipunguza. Utaona kingo zilivyonyooka. Wembe haukati hivyo. Mkasi nimeurudisha ndani ya debe la mchele, palepale ulipouficha, uzi mwekundu ukiwa juu. Kitambaa kweli unakitafuna. Halafu ukigeuza karatasi utaona mistari ya penseli na mwandiko wako: "Mama, kifua, mbele." Kama hayo yana maana yoyote, kipande kingine, kilichoandikwa "nyuma", ninacho mimi. Nitakuletea ukifungua mlango.