Faida ya Asilimia Sitini

Jumatano, 11 Juni. Jinja
Wivu umeniamsha. Mwalimu Ramula wa biashara anafundisha matumizi ya pesa kwa kiduka cha makopo matupu, na mkuu wa shule amemsifu mbele yetu sote. Makopo! Wanafunzi wangu watanunua kitu cha kweli. Jumamosi tunakwenda Mbale kwa mashindano ya hesabu. Pesa yao ya chakula ninayo mimi: wanafunzi arobaini, laki moja. Mpango umekamilika.

Alhamisi, 12 Juni
Masese, ufukweni, darasa zima. Nimenunua gunia la mukene, vile vidagaa vya ziwani. Kilo arobaini, laki moja. Mbale kilo ni elfu nne. Nikawauliza faida. Asilimia sitini, wakajibu kwa pamoja. Raha iliyoje! Ila Kagoya, ambaye mama yake huanika mukene hapo hapo, alinivuta kando. "Mwalimu, tia mkono mpaka chini ya gunia. Huyu muuzaji anaanika juu ya mchanga." Nilimwambia aketi. Mtoto wa kidato cha pili!

Jumamosi, 14 Juni. Mbale
Aibu. Katika soko la Namakwekwe, muuza samaki aitwaye Nambozo alimwaga gunia letu juu ya turubai. Juu samaki, chini mchanga. Akasema, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba hii ni ya kulisha kuku. Atatoa elfu moja kwa kilo. Wanafunzi wakapiga hesabu bila kuombwa. Hasara, asilimia sitini. Wote wamepata. Chakula cha mchana: chapati moja moja, bila chai. Kagoya alimega yake akaniletea nusu. Sikuweza kumtazama. Lakini nimeila.

Jumapili, 15 Juni
Tulikuwa wa mwisho. Watoto walishindana na njaa, na njaa niliwapa mimi. Najuta sana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawaambia kila wiki. Kumbe mkuu anaweza kuwa na miaka kumi na minne.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeomba radhi darasani. Nimeahidi kuwarudishia elfu sitini yao, na nimepewa sehemu ya mshahara mapema. Ila kwenye lango la shule nimekuta mtu na gunia la maharagwe. Elfu sitini tu, limeshonwa vizuri, uzi mpya! Jiko la shule litalinunua kwa tisini. Faida, asilimia hamsini. Kagoya amekuja na wembe, ameomba tufungue kwanza tuone.
Nimemwambia aketi.