Juisi ya Mke Wangu, Machungwa ya Dada Yangu na Makala Yako

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ulichokunywa asubuhi ya leo hakijakugombanisha na mtu yeyote.

Mimi ni kinyozi. Kushoto kwa mlango wa duka langu mke wangu anauza juisi ya embe na pasheni. Kulia kwa mlango huohuo dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na hajaniacha nisahau, anauza machungwa. Kwa miaka mingi mawifi hawa walikaa vizuri, wakiazimana visu na kuwasengenya wateja wangu kwa pamoja. Kisha ukachapisha makala yako, "Chungwa au Juisi: Kipi Bora?" Kwa heshima zote, naomba kulalamika kwa mpangilio.

Lalamiko la kwanza. Mmeandika kwamba chungwa zima lina nyuzinyuzi, linashibisha, na sukari yake huingia mwilini polepole. Ilhali juisi hupoteza nyuzinyuzi inapochujwa, na sukari yake huenda mbio. Sibishani na daktari wenu. Tatizo ni kwamba dada aliikata makala hiyo kwa mkasi wangu wa kazi, akaibandika kwenye mwavuli wake, na sasa kila mpita njia anasomewa. Neno "nyuzinyuzi" hakuwahi kulitamka maisha yake yote. Siku hizi analitamka kama jina la mjukuu. Mke wangu alivumilia, mwisho akaniita. "Mwambie dada yako embe lina vitamini A, na hakuna aliyewahi kutema mbegu kwenye gilasi yangu." Dada alikuwa palepale, anasikia kila neno. Hata hivyo alisubiri nimfikishie, kisha akanituma na jibu: "Mwambie wifi maji matamu ni maji matamu tu."

La pili ni tumbo langu. Kila mchana mke wangu huniletea gilasi, dada huniletea chungwa lililomenywa, na wote wawili husimama mlangoni kunitazama. Nikianza na juisi, dada huguna. Nikianza na chungwa, mke wangu huuliza kama gilasi imeingia nzi. Juzi nikaona nitumie akili: nikang'ata chungwa na kupiga funda la juisi papo hapo. Wakataka kujua kipi kilitangulia kupita kooni.

La tatu ni fupi. Suruali hazinitoshi.

La nne linahusu riziki. Fundi bomba, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa nimeshamaliza. Mke wangu akamkaribisha juisi. Yule bwana, bila ubaya wowote, akasema, "Asante shemeji, ila siku hizi mimi ni machungwa tu. Nimesoma gazetini." Nje dada akapiga vigelegele. Mke wangu akachomoa waya wa mashine yangu ya kunyolea, akachomeka blenda, akasema umeme wa hapa ni wa wote. Blenda ikanguruma mpaka fundi bomba akakata tamaa, akavaa kofia, akaenda zake. Nasikia huko mtaani wanamwita Nusu Bei.

La tano ndilo lililonishikisha kalamu. Nilikwenda zahanati kumwomba muuguzi anisuluhishie. Akanieleza kwa upole kwamba kwa kawaida chungwa zima ni bora. Ila juisi halisi isiyoongezwa sukari si adui, mtu anywe kwa kiasi, na asiyeweza kutafuna inamfaa. Jibu zuri sana. Nikarudi, dada nikampa nusu ya kwanza ya jibu, mke wangu nikampa nusu ya pili. Kila mmoja akafurahi, nami nikanyoa vichwa kadhaa kwa amani. Kumbe walikuwa wakisubiri nitoke kwenda msalani ili watambiane. Niliporudi nikawakuta wamenigeukia kwa jicho moja. "Kumbe una ndimi mbili," dada akasema. Mke wangu akaanza kusugua gilasi iliyokuwa safi tayari. Mhariri, ungemjua mke wangu ungeelewa kwamba hilo ndilo baya zaidi. Kisha kila mmoja akarudi upande wake, na sasa wananipiga vita kutoka pande zote mbili za mlango.

Kwa hiyo naomba mchapishe, ukurasa wa mbele, kwamba uchunguzi mpya umeonyesha juisi na chungwa ni sawasawa kwa kila kitu, mpaka uzito wa gilasi. Sayansi ikikataa, ikumbushwe kwamba yenyewe haina mke wala dada. Ikishindikana kabisa, daktari wenu aje akae kwenye kiti changu mchana mmoja, ale na kunywa huku akitazamwa. Nitamnyoa bure. Na makala zenu zijazo ziwekewe onyo juu: zisisomwe na watu wenye ndugu. Nasikia wiki ijayo mnalinganisha mayai na maharage. Jirani yangu wa nyuma anafuga kuku, na mama mkwe wake anauza maharage. Kwa kweli mna roho ngumu.

Nisalimieni wachapaji, mpiga picha, anayefagia ofisi, na yule anayetunga mafumbo ya maneno, ambaye kazi yake haijawahi kuvuruga nyumba ya mtu.

Wako katika shibe isiyo ya hiari,
Kinyozi wa Mlango wa Kijani

Nyongeza: Jana, kabla sijafunga bahasha, mvua ya upepo iling'oa turubai la mke wangu. Dada aliacha machungwa yakibingirika barabarani, akakimbilia nguzo, wakabaki wameikumbatia wote wawili, wamelowa chapachapa, wakicheka. Vita vimekwisha. Leo wamekaa benchi moja, mke wangu anakula chungwa, dada anakunywa juisi, na mchana wote umepita hakuna aliyeniletea hata mbegu. Tafadhali ichapisheni tena ile makala. Herufi ziwe kubwa kidogo, maana dada haoni vizuri.