Pangaboi la Digrii Ishirini na Tano

Jumatatu, 6 Julai
Ndege ya Ami Hija imekamilika. Kaiunda mwenyewe hapa Ole, bado pangaboi tu, panga la mbele la kuivuta. Viti viwili! Kimoja chake. Cha pili ni cha zamu: mimi na binamu yangu Hudhaifa, kila mmoja achonge pangaboi lake na apande nalo. Likipaa, umeruka. Lisipopaa, umepanda gari. Ami katuonya: panga la mti halina marekebisho, pembe uliyoichonga chini ndiyo utakayokwenda nayo juu. Hudhaifa kasema mbele za watu kwamba mimi nitachonga mwiko. Jibu zuri sana lilinijia baadaye, chooni.

Jumatano, 8 Julai
Nimesoma kitabu cha fizikia, cha Kiingereza. Panga likisimama zaidi, yaani pembe ikiwa kubwa, linameza hewa nyingi kila mzunguko. Hewa nyingi, mwendo mkubwa! Nimechungulia la Hudhaifa: digrii kumi na tano. Limelala kama chapati. Langu nimelitia ishirini na tano. Ami kaniuliza, una hakika? Nikaitikia kwa kichwa. Kitabu kina sura nyengine, ya namna ndege inavyoacha ardhi. Sikuisoma. Ndefu.

Ijumaa, 10 Julai
Zamu yangu. Subhanallah! Mti wa mfenesi nilioupiga msasa kwa mikono hii ulizunguka mbele yangu mpaka ukatoweka. Panga hakuna tena, duara la mwanga tu, na ng'ambo yake mnazi mzima nauona. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi.
Kisha injini ikaguna kama mchukuzi aliyebebeshwa magunia mawili. Tukakimbia uwanja wote wa mpira, goli mpaka goli. Hata gurudumu moja halikunyanyuka! Upepo wetu ukazoa karafuu zote alizoanika Bibi Mwanawema jamvini, kando ya uwanja. Bibi kapiga ukelele: "We Hija! Ndege hii au ufagio?" Hudhaifa kacheka mpaka kakaa chini. Nimeokota karafuu hadi magharibi.

Jumamosi, 11 Julai
Zamu ya chapati. Niliomba dua injini izimike. Ikalia kwa raha zake, nusu uwanja tu, na magurudumu yakaacha ardhi. Dua nikaisahau. Ndege ikapanda juu ya mikarafuu, kivuli chake kikanipitia, nikajikuta nimeinama kama naamkia mtu mzima. Watu wakapiga takbiri. Bibi Mwanawema kashika mdomo.
Kule juu haikuwa na haraka hata kidogo. Jecha, mtoto wa jirani, kaifuata kwa baskeli, kaipita.
Hudhaifa kashuka macho mekundu, hana hata kejeli moja. Baadaye kaninong'oneza kwamba kule juu alilitamani panga langu. Ami naye kasema kweli, langu lingefika kisiwani Kojani mwanzo, lau lingepaa.

Jumapili, 12 Julai
Kosa nimelipata. Si pembe. Uwanja mfupi! Nimeanza jengine, digrii thelathini. Sheha, mkubwa wa kijiji, lazima auongeze uwanja: avunje goli moja tu, na banda la mbuzi wake. Hoja nimeihifadhi yote. Nimefika mpaka mlangoni kwake.
Nimewaamkia mbuzi, nikarudi.