Tundu la Tangi la Maziwa

Jumanne, 7 Mei

Simu, andika. Kelvin kasema mie niseme tu, yenyewe itaandika. Haya. Mie Beryl Puddy, shule niliiacha mapema nikaenda kiwandani kuosha matangi ya maziwa, sasa kuandika barua moja kwangu ni kazi ya wiki nzima. Nasema, simu inaandika. Ajabu hiyo ya kwanza.

Ajabu ya pili iko bafuni.

Kelvin ni mtoto wa kaka yangu. Mkewe ana mimba, hataki kusikia harufu ya ile mashine, basi mashine imehamia kwangu. Printa, lakini karatasi haijui. Ina beseni, ndani ya beseni uji mweupe, wanauita rezini. Juu sahani ya chuma. Sahani inazama kwenye uji, taa ya zambarau inawaka kwa chini, sahani inainuka kidogo, inazama tena. Vivyo hivyo tangu tulipomaliza kifungua kinywa. Mie nimekaa juu ya choo, kifuniko nimefunika, naangalia uji tu.

Likatoka behewa!

Linaning'inia kichwa chini miguu juu kama popo, linachuruzika. Behewa la tangi la maziwa, kama yale tuliyokuwa tunayajaza, urefu wa kidole changu. Lina ngazi. Ngazi ina vidato! Vyembamba kuliko sharubu za paka. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Ngazi bado ipo. Nikakaa kimya. Mie, kimya! Pam wa nyumba ya pili akaja kugonga ukuta, akidhani nimekufa.

Kelvin akavaa glavu, akalimwaga uji wa ndani, akalisuuza kwa spiriti, akalianika kwenye mwanga likawa gumu, akalitia magurudumu ya chuma. Akaniambia shangazi, haya mambo uyafuate hivi hivi, usiruke hata moja. Nikamwambia sawa baba.

Sasa nia yangu. Simu, hii siri. Klabu ya Reli Ndogo ya Chedwell ina reli mezani, imejaza ukumbi wa kanisa ukuta hadi ukuta. Kilima, mto, stesheni, ng'ombe wa udongo. Wanaume wanaendesha, mie nachemsha chai. Miaka yote hiyo, chai. Nataka kuendesha treni. Mara moja tu, mbele ya watu, kabla haya magoti hayajanigomea kabisa. Lakini kanuni yao ni kwamba kile kidude cha kuendeshea hakishiki mtu ambaye hajatengeneza behewa lake na likapita ukaguzi. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Behewa ninalo! Kesho naenda.

Jumatano, 8 Mei

Aibu. Nimelala chali na viatu vyangu.

Bwana Clifford Tozer, mwenyekiti, alilishika behewa langu kwa kibano kama mtu anaokota mende. Akaweka lenzi jichoni. Akasema, mh, Bi Puddy, si baya. Halafu akaligeuza, akaona tundu.

Chini ya tangi Kelvin kaweka tundu, kama punje ya mtama, ili rezini iliyobaki ndani itoke. Tozer akauliza hili nini. Nikasema tundu. Akasema anaona kuwa ni tundu, anachouliza ni tangi la maziwa lenye tundu chini lilikuwa linapeleka nini London, hewa? Ukumbi mzima kicheko. Hata Pam! Na Pam nimekwenda naye mwenyewe, anibebee skonzi. Msaliti mkubwa.

Akaendelea, eti isitoshe hili sijatengeneza mie, imetengeneza mashine. Nikamwambia, na ule mkate unaoumaliza hapa kila Jumatano, nimeoka mie au limeoka jiko? Akakohoa. Akasema haya, tujaribu njiani.

Kujaribu ni raundi tatu, nyuma ya kichwa cha treni, bila kuanguka. Raundi ya kwanza, kwenye kona ya mto, hop! Behewa limeruka reli, limelala katikati ya ng'ombe.

Nitasema haki ya Mungu, hapo Tozer hakunicheka. Alisema ni jepesi mno, nilitie tumboni chembe za risasi, yale madini mazito, tundu niliache mpaka ndani pakauke kabisa, ndiyo nilizibe. Akasema anazo kopo zima, nipite kwake.

Nipite kwake! Nimpigie hodi Tozer, nimwambie tafadhali naomba uzito? Thubutu. Mtu mwenyewe anapanga kabati la soksi kwa rangi, kaniambia mkewe.

Jumapili, 12 Mei

Siku mbaya, siku mbaya, halafu siku nzuri.

Nilijaribu misumari. Haiingii tunduni. Nikajaribu mchele, ukaingia punje moja ukakwama, sasa behewa la kwanza likitikiswa linalia kama kayamba. Nikajaribu asali ya miwa. Asali sitaki kuizungumzia, zulia bado linanata.

Leo nikachapa lingine. Likatoka, linachuruzika vizuri, ndiyo naanza kulitenganisha na sahani, Pam huyo mlangoni. Paka wake kapotea. Nikaziba tundu kwa kidole nisichafue korido, glavu mkononi, nikaenda kumfungulia. Pam na paka wake! Paka yule hupotea kila Jumapili, hurudi kila Jumapili, anakula kwa kasisi. Lakini Pam lazima akueleze, alivyotoka, alivyomwita, alivyomwita tena. Mie nasikiliza, kidole kwenye tundu, na mkononi nasikia kitu.

Uzito! Tangi zito kama yai. Uji umo ndani bado.

Nikamfungia Pam mlango usoni. Nikaweka tone moja la rezini kwenye tundu, nikamulika na ile tochi ya zambarau ya Kelvin. Tundu hakuna! Limefutika kama halijawahi kuwepo. Uzito upo, tundu halipo, na Tozer akae na risasi zake.

Kelvin kapiga simu jioni. Akauliza shangazi, la pili ulilimwaga ndani? Nikamuuliza mkeo anakula vizuri? Akasema anakula, ila shangazi, rezini ikifungiwa ndani haikauki, inakaa inautafuna ukuta polepole, ikipata joto inapasua. Nikamwambia mpe supu ya kuku.

Kwani jamani, tangi la maziwa lijae nini kama si kitu cheupe cha majimaji? Nakumbuka matangi yenyewe kiwandani. Ndani yamepakwa kioo. Siku ya kwanza walinifungulia kifuniko cha juu nikaingiza kichwa ili nione nitakachoosha. Nikasema ooo. Sauti ikazunguka humo ndani, ikarudi kubwa, nzuri, kama si yangu. Nilikuwa binti mdogo. Nikabaki nimeinama humo mpaka msimamizi akanivuta kwa mkanda wa aproni. Jioni tangi likaondoka, limejaa, na taa nyekundu nyuma, nikalitazama hadi likaisha. Sijui kwa nini nililia. Pengine ni soda ile ya kuoshea.

Jumatano, 15 Mei

Limepita!

Raundi tatu, kisha Tozer mwenyewe akaongeza ya nne kwa hiari yake. Kona ya mto limeinama, limenyooka, limekwenda. Halitikisiki. Jepesi hurukaruka, lakini hili lilikuwa linateleza kama lina mahali pa kufika. Wanaume wote wakasimama, vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Tozer akapiga magoti, akaweka shavu mezani alitazame likija. Shavu mezani, mtu yule!

Akaligeuza. Akatafuta tundu kwa lenzi. Hakuna. Akaniuliza nimetia risasi kiasi gani. Nikasema hiyo ni siri ya jikoni. Akanipa mkono. Akasema Bi Puddy, Jumamosi alasiri kidude ni chako.

Nimerudi nyumbani sijui nimepita njia gani.

Jumamosi, 18 Mei

Simu, ngoja nikae.

Jua leo lilikuwa kali, madirisha ya ukumbi yale marefu, meza yote imewaka mwanga. Watu tele. Pam kwenye birika la chai badala yangu, analalamika. Tozer akanikabidhi kidude mbele ya wote, akatangaza jina langu. Nikazungusha kitufe.

Likaenda. Mie ndiye niliyelipeleka! Kidole changu kinasogea hivi, na kule mbali, ng'ambo ya kilima, kitu kizito kinaitikia. Likapita stesheni. Likapita darajani, kivuli chake kikapita kwenye mto wa rangi. Baba mmoja, mfugaji kwa viatu vyake, akavua kofia. Akasema, mpenzi, hivyo hivyo ndivyo yalivyokuwa. Huku kwetu kila mtu ni mpenzi, hata mleta barua, lakini nilisikia raha.

Raundi nyingine. Nyingine tena. Tozer akaleta kichwa chake cha treni ya mwendo kasi, kile cha kijani, fahari ya maisha yake, akakiendesha kunifuata nyuma tuonekane wengi.

Ndipo mtoto mmoja akapiga kelele: maziwa yake ya kweli! Yanatoka!

Nikatazama. Nyuma ya behewa langu, juu ya reli yote, mstari mweupe. Mwembamba, unang'aa, unapita stesheni, unapita darajani, unazunguka kilima. Tangi limepasuka tumboni, linadondosha kila hatua. Watu wakadhani tumepanga! Wakapiga makofi! Mfugaji akasema hajaona jambo kama hili tangu azaliwe. Na kusema kweli hata mie sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Treni ndogo inavuja maziwa, jua limeipiga. Nilisahau kuzima.

Pam akaja, akatia kidole, anakipeleka mdomoni. Nikampiga kofi mkononi. Sumu hiyo weye! Nenda kanawe! Wote wakarudi nyuma.

Kumbe taa ya zambarau ni mtoto tu, baba yake ni jua. Uji ukaanza kuganda. Treni yangu ikasimama. Kichwa cha kijani cha Tozer kikaingia kwenye makutano ya reli, kikalia ngrrr, kikasimama, kikagandishwa hapo hapo, magurudumu yote. Tozer akakivuta. Hakitoki. Akavuta tena, kikatoka na kipande cha reli.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alikishika mikononi kama mtu ameokota ndege aliyegonga kioo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, Bi Puddy, mle ndani ulitia nini?

Nikasema, maziwa.

Jumatatu, 20 Mei

Tozer kaja nyumbani. Nilijificha jikoni, Pam akamwambia nipo jikoni.

Hukumu ya kamati: kidude sitakigusa. Akaendelea, mpaka nitakapong'oa reli yote iliyoharibika nitandike mpya kwa mikono yangu mwenyewe, yeye akisimamia. Na chai atachemsha yeye, kwa sababu mie nitakuwa na kazi. Nikamuuliza na baada ya hapo? Akasema aliyetandika reli ndiye anayeijaribu, ni kawaida, hakuna anayeendesha kwanza ila yeye.

Nikamwangalia. Akaangalia dirishani. Akasema pia waliokuja Jumamosi wanauliza lini tena treni ya maziwa.

Jumatano, 29 Mei

Tumemaliza! Siku zote hizi nimeinama mezani na Tozer, nakwangua, nakata, nabandika. Kichwa chake cha kijani kimesafishika, amekinusa na kukibusu akidhani sioni. Chai yake ni maji ya kuoshea soksi. Nimekunywa yote.

Leo nikajaribu njia. Peke yangu kwenye kidude, ukumbi mtupu, hakuna wa kupiga makofi. Kona ya mto, niliyoitandika mie, treni ikapita bila hata kusema tik. Nikaipeleka tena na tena. Tozer akasema imetosha Bi Puddy, nikasema bado, akavuta kiti akakaa.

Halafu akanitolea sharti. Mwezi ujao tumealikwa kwenye maonyesho ya wilaya, naenda kama mwendeshaji, jina langu litatangazwa, ila niape. Tangi jipya nitalimwaga ndani, nitalikausha, nitatia risasi zake, hizi hapa kopo zima kaniletea. Nikaapa. Nikainua na mkono.

Nimerudi, tangi jipya linaning'inia bafuni kama popo, ngazi kidato kwa kidato, safi kuliko yote. Nikalishusha. Nikaligeuza, na tundu hilo hapo, limenitazama kama jicho. Baya jamani! Tangi zuri namna hii, na wilaya nzima itakuja na malenzi yake.

Na lilivyo zito, tamu mkononi.

Kosa la mara ya kwanza nimeshalijua. Kizibo kilikuwa kidogo. Safari hii nimetia matone mawili.