Betri Mbili za Lori la Zimamoto

Jumatatu, 9 Septemba
Gari jipya la zimamoto limefika. Lina kamera nyuma na kiti kinachopasha makalio joto. Kikosi kizima cha kujitolea tumelizunguka kama bibi harusi. Ufunguo amepewa Kauko, ambaye miaka kumi na tisa ameutamani usukani wa lori langu. Mimi nimepewa kitabu cha maelezo. Kurasa mia tatu. Nimesoma mbili.

Jumanne, 10 Septemba
Mkuu wetu, Raili, amebadilisha namba za magari. Jipya ni Namba Tatu. Lakini Namba Tatu ni lori langu la maji, la mwaka 1981! Eti sasa ni Saba. Saba ya zamani, ya ngazi, imekuwa Tano. Nimemuuliza king'ora kikilia nikimbilie lipi. Akasema, "Taisto, kimbilia unalolijua." Hilo nimelielewa. Mengine hapana.

Jumatano, 11 Septemba
Tangazo ubaoni: Namba Tatu inaondoka Jumamosi asubuhi, ioshwe. Mwandiko wa Kauko. Kauko hawezi kuwa amezishika namba mpya kwa siku moja. Kwa hiyo ni langu. Wanaliuza. Sijamuuliza mtu, nisije nikawazindua.

Alhamisi, 12 Septemba
Supu ya njegere kituoni. Kauko akaniuliza, "Mzee, mbona umenuna? Jumamosi ikipita tutapumua." Msaliti. Walipokwenda kunywa kahawa nikang'oa betri zote mbili za lori na kuzipeleka kwangu kwa toroli. Nani atanunua lori lisilowaka? Mke wangu, Tuulikki, akauliza betri zinatafuta nini kwenye banda la kuni. Nikamwambia baridi inakuja. Akasema haya, kwa ile sauti yake.

Jumamosi, 14 Septemba
Asubuhi Kauko aliondoka na gari jipya kwenda mjini Lahti kuwekewa redio. Langu likabaki. Nikajua hila imefaulu: wamelijaribu, limekataa, wamechukua jingine.

Saa nne king'ora. Sauna ya Kauko, kibanda chao cha kuogea mvuke, inaungua. Wote tukakimbilia lori langu. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Raili akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

"Taisto, hamna betri."

Nikasema basi huenda tatizo ni hilo.

Nilikimbia nyumbani. Niliporudi na toroli, kikosi cha kijiji jirani kilikuwa kimeshafika, na majirani walikuwa wamepanga mstari wa ndoo kutoka ziwani. Nyumba imepona. Sauna imekwisha. Inkeri, mke wa Kauko, alisimama kwenye majani amevaa taulo, akaitazama toroli yangu.

Jumapili, 15 Septemba
Nimekwenda kuomba radhi. Kauko amenimiminia kahawa. Akasema sauna ile ilijengwa na baba yake, na yeye alizaliwa mle ndani, kama desturi ya zamani. Nikaliweka andazi chini. Nikamweleza kuwa nilidhani wanaliuza lori langu. Akaniangalia kama aliyesikia Kichina.

"Nani kakwambia? Mwezi wa nane, siku usiyokuja mkutanoni, tulipiga kura libaki. Mimi ndiye niliyelitetea."

Nimemwahidi kumpasulia magogo ya sauna mpya. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ya nyuma ili nisionekane.

Jumatatu, 16 Septemba
Mkutano wa kikosi. Raili amesema lori halina kosa lolote, mwenye kosa ni dereva, lakini kwa kuwa dereva hauziki, litauzwa lori. Wote wakainua mikono. Katika kuchanganyikiwa, na mimi nikainua.

Mnunuzi anakuja Alhamisi.

Jumanne, 17 Septemba
Usingizi umenipa jibu. Kosa langu lilikuwa uzito. Betri ni nzito, toroli inapiga kelele, kila mtu anaona. Ufunguo unaingia mfukoni. Asubuhi nimepita kituoni na kuuchukua ubaoni, kwenye msumari wa Namba Tatu, sekunde mbili tu. Safari hii mambo safi.

Kauko amepiga simu sasa hivi, ana wasiwasi, anauliza kama kuna aliyeuona ufunguo wa gari jipya. Nimemwambia sijauona. Watu hawa hawajui kutunza vitu.