Vidonge Vyangu na Machungwa ya Kocha

Kwa Kocha Sadalla,
Klabu ya Ngumi, Buguruni.

YAH: VIDONGE KUPIGWA MARUFUKU KABLA YA JUMAMOSI

Ndugu Kocha,

Baada ya salamu, mimi ni Elisaria, muuzaji wa jumla wa vidonge vya vitamini hapa Kariakoo, na baba wa bondia wako Allen, anayepanda ulingoni Jumamosi kule Magomeni. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

1. Umewaambia vijana waache vidonge vyangu. Kila mwenye akili anajua kwamba mazoezi makali huzalisha sumu inayokula misuli, kama kutu inavyokula bati, na vidonge huizima. Wewe unadai mwili ukiachwa uhangaike nayo kidogo hujifunza kuishinda, na kwamba vidonge vingi huudekeza. Tangu lini mwili ukaenda shule?

2. Badala yake umewaagiza wale machungwa na mchicha. Kocha, mchicha unauzwa kwa fungu, hauna kopo wala maandishi ya Kijerumani. Bondia atauaminije?

3. Hapa sokoni mteja akisitasita, mwenye duka humwambia, "Hata mwanangu anatumia." Nimesema hivyo mwaka mzima. Juzi bondia wako Twaha kapita dukani, akamwambia mteja wangu mbele yangu kwamba Allen ndiye anayeongoza kwa kula machungwa. Mteja akarudisha kopo kwenye rafu taratibu, bila kuniangalia. Niliona aibu sana.

4. Kwa mwendo huu kesho utakataza barafu, maana uvimbe nao unafundisha. Keshokutwa utafuta glovu ili pua zijifunze.

Hivyo naomba uwakusanye mabondia kabla ya Jumamosi na kuwatangazia kwamba vidonge vimerudi. La sivyo nitakwenda chama cha ngumi.

Nisalimie vijana wote, pamoja na Bi Maimuna anayewapikia mchicha. Sina ugomvi naye.

Wako katika michezo,
Elisaria

N.B. Tangazo hilo lisimhusu Allen. Nilimpa vidonge miezi minne, vitatu asubuhi na vitatu jioni, na kila ikifika raundi ya tatu mikono ilishuka, akapigwa huku namwona. Tangu umwachishe anamaliza raundi zote. Sina mtoto mwingine, Kocha, na naogopa. Leo nimekutumia viroba viwili vya machungwa kwa guta. Ukiulizwa, sema umenunua hapo hapo Buguruni.